Barua ya wazi kwa makocha wa vyuo vya Marekani: mwambieni kijana kabla dirisha halijafungwa

Kwa wakurugenzi wa michezo na makocha wakuu wa futiboli ya Kimarekani,
Vyuo vikuu vya Marekani.

YAH: KUCHAGUA KATI YA MAKWOTABEKI WAWILI

Waheshimiwa,

Salamu kutoka Columbus, Ohio, mji wa chuo cha Ohio State, ambao ukipanga harusi Jumamosi ya mechi dhidi ya Michigan usilaumu wageni wasipotokea. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha tunayobishania mchezo wenu huu kila wiki, mimi na wenzangu tuliotoka pwani, bara na Kongo. Vyuo vyenu vingi vinafundisha Kiswahili hatua chache tu kutoka uwanjani, kwa hiyo wa kuwasomea hamtamkosa.

Ombi langu ni moja. Kabla ya tarehe 16 Januari, kila kwotabeki (yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira) aliye chini yenu awe ameambiwa na kocha mkuu mwenyewe, ana kwa ana, kama namba anayoigombea iko wazi kweli au imeshapata mwenyewe.

Tarehe hiyo sikuiokota njiani. Hadi mwaka 2025 mchezaji wa chuo alikuwa na madirisha mawili ya usajili, moja la majira ya baridi na jingine la Aprili. Kuanzia 2026 limebaki moja tu, 2 hadi 16 Januari, ukiacha siku za ziada zinazotolewa kocha mkuu akiondoka. Na najua mlichokimbia. Aprili 2025 Nico Iamaleava, kwotabeki wa Tennessee tuliyemwona hapa Columbus Desemba iliyotangulia akifungwa 42-17 kwenye mchujo wa ubingwa, hakutokea mazoezini Ijumaa moja katikati ya mvutano wa malipo. Kesho yake, siku ileile ya mechi ya maonyesho, kocha Josh Heupel akatangaza kwamba timu inaendelea bila yeye. Haukupita muda kijana akawa UCLA, na kwotabeki wa UCLA, Joey Aguilar, akawa Tennessee. Kocha yeyote angetaka mlango wa namna hiyo upigwe kufuli.

Lakini mwezi uleule Steve Angeli naye alipitia mlango uleule. Alikuwa Notre Dame. Mazoezi ya Aprili yalipoonyesha kwamba vita ya namba imebaki kwa CJ Carr na Kenny Minchey, alifungasha akaenda Syracuse, na msimu ulipofunguliwa yeye ndiye aliyeanza. Kelele hazikuwepo wala vitisho. Mlipowafungia nje akina Iamaleava mliwafungia ndani akina Angeli, na hilo sijasikia kocha hata mmoja akilizungumzia.

Maana tazameni kalenda yenu wenyewe. Kinyang'anyiro cha kwotabeki huchezwa Machi, Aprili na Agosti. Dirisha linafungwa Januari. Kwa hiyo kijana atagundua kwamba amekosa namba wakati hana pa kwenda kwa msimu mzima, na ninyi mtakuwa na kila sababu ya kumwambia Januari kwamba "nafasi iko wazi, mwanangu, pambana", ilimradi abaki awe akiba yenu.

Ndugu zangu wa nyumbani mnaosoma barua isiyo yenu, kwotabeki mchukulieni kama golikipa. Winga akikosa namba kulia atajaribiwa kushoto, beki atasogezwa kiungo. Golikipa wa pili atasugua benchi mpaka wa kwanza aumie au aboronge. Tofauti ni kwamba golikipa wa Simba au Gor Mahia anaweza kuwa na miaka kumi na mitano ya kusubiri zamu yake, na mchezaji wa chuo misimu yake inahesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Hata mazoezini hakuna kugawana. Kikosi cha kwanza kina zamu zake chache kwa siku, na kila zamu anayopewa mmoja ni zamu aliyonyimwa mwenzake. Senta, anayempasia kwotabeki mpira, anazoea sauti ya mtu anapoita mpira. Wapokeaji wanazoea mwendo wa mpira wa mtu. Tua Tagovailoa alipokuwa Alabama alirusha kwa mkono wa kushoto, na mpira wa mashoto unazunguka kinyume ukiwa hewani, kwa hiyo mikono iliyozoea mpira wa Jalen Hurts ilibidi ijifunze upya jinsi ya kuupokea. Mkisema "tunawapima wote wawili sawasawa", mjue kuna watu huku nje tunaojua kwamba jambo hilo haliwezekani kwa muda mrefu.

Kwa kuwa nimewataja hao wawili, tuanze nao. Tarehe 8 Januari 2018, fainali ya taifa mjini Atlanta, Alabama walikwenda mapumziko wakiwa nyuma ya Georgia 13-0. Hurts alikuwa ameshaiongoza timu kwa misimu miwili na mechi alizopoteza ni za kutafuta kwa tochi. Kocha Nick Saban akamweka benchi, akamwingiza mtoto wa mwaka wa kwanza kutoka Hawaii. Muda wa nyongeza, Tagovailoa akaangushwa na kupoteza yadi 16. Mpira uliofuata akaurusha yadi 41 hadi kwa DeVonta Smith, tachidauni (bao la kuufikisha mpira eneo la mwisho la mpinzani), 26-23, ubingwa. Uamuzi ule sina la kuubishia, na sidhani kama yupo mwenye la kuubishia.

Ninachobishia ni miezi iliyofuata. Kuanzia Januari hadi Agosti Alabama haikusema kwotabeki wake ni nani. Agosti Hurts alisimama mbele ya waandishi akasema kwamba kipindi chote kile hapakuwa na mtu, makocha wakiwemo, aliyemuuliza anajisikiaje. Huyo ni mtu aliyewashindia mechi 26! Septemba mosi wakaifunga Louisville 51-14, Tagovailoa akianza, na mwanahabari Maria Taylor alipomuuliza Saban amejifunza nini kuhusu makwotabeki wake, mzee akafoka mbele ya kamera. Baadaye alimpigia simu kumwomba radhi. Mimi nilimwelewa: swali lilimuuma kwa sababu lilikuwa limechelewa kujibiwa.

Mwisho wa hadithi hiyo mnaupenda sana, na mnausimulia kila mnapotaka kijana avumilie. Desemba mosi 2018, uwanja uleule, Georgia ileile, Tagovailoa anatoka akichechemea, Hurts anaingia timu ikiwa nyuma 28-21, anasawazisha, kisha anakimbia yadi 15 mwenyewe kufunga la ushindi, 35-28. Januari akaenda Oklahoma, akamaliza wa pili kwenye tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo, na Februari 2025 akawa mchezaji bora wa Super Bowl, fainali ya ligi ya kulipwa, akiwa na Philadelphia. Subira yavuta heri, mnasema. Naam, lakini angalieni alisubiri akiwa anajua nini. Kanuni mpya ya 2018 ilimruhusu acheze mechi nne kisha akae pembeni bila mwaka wake kuhesabiwa, na kufikia hapo kila mtu alishaona kwamba yeye ni wa pili. Alibaki macho wazi, akacheza, akamaliza shahada yake Desemba. Kilichombakiza ni uamuzi wake. Hofu yenu kwamba wa pili akiambiwa ukweli lazima ataondoka, kwa Hurts haikutimia.

Kwa Kelly Bryant ilitimia, na huyu ndiye anayestahili kurasa zaidi kuliko anazopewa.

Bryant aliiongoza Clemson msimu wa 2017 hadi nusu fainali ya taifa. Mwaka 2018 akaanza mechi nne, timu ikashinda zote nne, huku akigawana dakika na Trevor Lawrence, kijana wa mwaka wa kwanza mwenye mkono ambao hata shabiki wa Ohio State ilibidi aukubali. Jumatatu tarehe 24 Septemba Clemson wakatangaza kwamba kuanzia sasa anaanza Lawrence, na kocha Dabo Swinney alishamwambia Bryant. Bryant alisema alijisikia kama amezabwa kofi. Siku mbili baadaye akaaga. Alikuwa amecheza mechi nne hasa, kwa hiyo mwaka wake haukupotea, na 2019 akaenda kucheza Missouri.

Sasa tazameni Jumamosi ile, tarehe 29, dhidi ya Syracuse. Lawrence anaumia kabla ya mapumziko. Bryant hayupo. Kwotabeki aliyebaki ni Chase Brice, ambaye wiki moja kabla alikuwa wa tatu, na Clemson wako nyuma. Brice akawaongoza yadi 94 kwenye shambulio la mwisho, wakashinda 27-23. Ungepotea mpira mmoja tu siku ile, Swinney angesulubiwa, na leo kila kocha angemtaja kama mfano wa kwa nini wa pili hapaswi kuambiwa kitu.

Alichokuwa nacho Swinney mkononi wiki ile ni hiki: angeweza kunyamaza wiki moja. Bryant angecheza mechi ya tano, hata kwa dakika tano, na mlango ungejifunga nyuma yake. Hakuna ambaye angelalamika, kwa sababu hakuna ambaye angejua. Hakufanya hivyo. Alilipa gharama ya kusema ukweli kwa wakati, nusura imtie hasara kubwa, na msimu akaumaliza 15-0 kwa kuwafunga Alabama 44-16. Sisemi alishinda kwa sababu alikuwa mkweli, maana Lawrence angeshinda hata akifundishwa na dereva wa basi la timu. Nasema kocha aliyekuwa na mengi ya kupoteza kuliko wengi wenu alikubali kuyahatarisha.

Hapa kwetu Columbus tuna letu pia. Mwaka 2018 Joe Burrow na marehemu Dwayne Haskins waligombea namba ya kuanza. Baada ya mechi ya maonyesho ya Aprili, Burrow aliwaambia waandishi waziwazi kwamba hakuja chuoni kukaa benchi miaka minne. Mei, akiwa ameshamaliza shahada, akaondoka kwenda LSU. Haskins akarusha tachidauni 50 msimu ule, kwa hiyo atakayesema kocha wetu Urban Meyer alikosea kuchagua aje tubishane. Na Burrow mwaka uliofuata akarusha 60, akabeba Heisman, LSU wakawa mabingwa bila kupoteza hata mechi moja. Wote wawili walistahili timu. Kilichowapa wote wawili timu ni kwamba wa pili alikuwa na Mei. Kijana wa leo ambaye hajamaliza shahada hana Mei. Anachokuwa nacho ni neno lenu la Januari.

Wapo kati yenu mnaoona dawa ni kuwachezesha wote wawili. Hili nalo tulilionja. Mwaka 2014 Ohio State ilishinda ubingwa na kwotabeki wa tatu: Braxton Miller aliumia bega Agosti, J.T. Barrett akavunjika kifundo cha mguu dhidi ya Michigan, na Cardale Jones akaanza mechi tatu tu, Wisconsin 59-0, Alabama 42-35, Oregon 42-20. Kwa hiyo 2015 tukawa na wawili wenye haki. Karatasi ya kikosi iliandika jina la Jones, kisha "au", kisha la Barrett, na hadi siku ya mechi ya kwanza na Virginia Tech Meyer alikataa kusema anaanza nani. Jones akaanza, wiki zikapita, akawa anatolewa wakikaribia lango la mpinzani ili Barrett aingie, hadi Oktoba Barrett akakabidhiwa kabisa. Timu ile ilitoa wachezaji watano kwenye raundi ya kwanza ya usajili wa NFL, ligi ile ya kulipwa, mwaka 2016. Ikafungwa na Michigan State 17-14 nyumbani, mashambulizi yake yakizalisha yadi 132 jioni nzima, na ubingwa ukaota mbawa. Siwezi kuwabebesha makwotabeki kipigo kile, maana siku ile alianza Barrett na kosa kubwa lilikuwa kumsahau Ezekiel Elliott. Ila ulipoitazama timu ile toka Septemba, uliona watu wanaosubiri kuambiwa wao ni nani.

Kugawana kunawezekana pale tu kazi zikiwa mbili tofauti na kila mmoja anaijua yake. Florida 2006 Chris Leak alikuwa mwenye timu, Tim Tebow akiingia kupasua katikati kwa nguvu zinapobaki yadi moja mbili, na wakawafunga Ohio State 41-14 kwenye fainali. (Jioni ile bado inaniuma, tuiache.) Lakini Michigan 1999, Tom Brady robo ya kwanza na Drew Henson robo ya pili halafu kocha aamue mapumziko, ulikuwa ni woga uliovalishwa koti la haki. Ulifia Oktoba dhidi ya Michigan State, na Brady ndiye aliyebaki.

Mtanijibu kwamba mnaficha ili mpinzani asijiandae. Kidogo ni kweli, kwa wiki moja ya kwanza ya msimu. Baada ya hapo mpinzani ana video. Mnayemficha hasa ni shabiki, na mara nyingine mchezaji mwenyewe. Oktoba 2021 Oklahoma walikuwa nyuma ya Texas 28-7 baada ya robo ya kwanza; Caleb Williams akaingia badala ya Spencer Rattler na wakashinda 55-48. Wiki iliyofuata kocha wao Lincoln Riley hakutaka kusema ataanza nani. Waandishi wa gazeti la wanafunzi waliyaona mazoezi kutoka jengo la umma lililo karibu, wakaandika kwamba Williams ndiye anayefanya kazi na kikosi cha kwanza, na kocha akawafungia waandishi wote milango wiki ile. Hasira zote hizo kwa siri ambayo uwanja mzima ulishaijua! Na hapo nitupie jiwe kwetu pia: wiki mbili kabla ya Texas mashabiki wa Oklahoma walikuwa wakiimba jina la Williams huku Rattler akiwa uwanjani, mtoto wa watu, mbele ya wazazi wa wachezaji wenzake. Sisi mashabiki hatuna dini.

Afadhali alivyofanya kocha Jim Harbaugh pale Michigan 2022, ingawa kumsifu mtu wa Michigan kwa maandishi kutanigharimu marafiki. Kabla ya msimu alitangaza: mechi ya kwanza anaanza Cade McNamara, ya pili J.J. McCarthy, kisha naamua. McNamara, aliyekuwa ameiongoza timu kutufunga 42-27 mwaka uliotangulia, hakufurahi na hakuficha. Lakini mtihani ulifanyika hadharani, kila mmoja na Jumamosi yake. McCarthy alikosa pasi moja tu kati ya 12 dhidi ya Hawaii, namba ikawa yake, na Januari 2024 akabeba ubingwa wa taifa. McNamara alikwenda Iowa.

Na sasa imeingia fedha. Tangu tarehe mosi Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kwa kikomo cha dola milioni 20.5 hivi kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Mkimleta kwotabeki Januari kwa fungu kubwa kuliko la mtu yeyote kikosini, kisha mkamwambia aliyekuwepo kwamba kutakuwa na mashindano, mnajua mnachofanya. Mkurugenzi aliyesaini hundi ile hatakubali imkalie benchi, na kocha anayemtegemea mkurugenzi huyo naye hatakubali. Kijana wa miaka 20 asiye na wakala mzuri ndiye peke yake kwenye jengo lile anayeamini kwamba Agosti itaamua.

Basi kwa kuwa sasa mnasaini nao mikataba, wekeni kifungu. Ifikapo tarehe 10 Januari kocha mkuu awe amekaa na kila kwotabeki wake na kumpa jibu kwa maandishi: namba iko wazi, au ina mwenyewe na wewe ni wa pili. Siku sita zinazobaki zinamtosha kijana kupiga simu, kuongea na mzazi wake na kuamua. Ikiandikwa kwamba iko wazi, basi zamu za kikosi cha kwanza zigawanywe Machi na Aprili, na rekodi yake mchezaji aruhusiwe kuiona. Video za mazoezi mnazo, si kazi ngeni. Na ikiwa kocha aliandika "wazi" huku ameshamwahidi mtu mwingine, yule aliyedanganywa aachiwe aende anakotaka Mei, acheze msimu huohuo.

Hamtapenda kifungu cha mwisho, najua. Lakini atakayeandika ukweli Januari hatakuwa na siku ya kukihitaji.

Nasubiri majibu yenu, na kwa kuwa Columbus ndiko niliko, nitaanza kuyadai kwa walio jirani.

Wenu,
Shabiki wa Buckeyes (timu ya Ohio State), Columbus, Ohio